Tandiko Kavu Humkinga Punda na Vidonda

Wakazi wa Nakalale, Kakuma na Lodwar wanaotumia punda kuchota maji wanashauriwa kukagua matandiko kabla ya mvua. Mitungi minne ya lita 20 ikijaa maji huzidi kilo 80. Juu ya tandiko lenye unyevu, ngozi huchubuka, na boma hukosa maji hadi kidonda kipone.

Blanketi nene la pamba hufaa kuliko gunia la plastiki, ambalo hufungia jasho. Likunjwe pande mbili, uti wa mgongo ubaki wazi.

Mzigo ukishatuliwa, tandiko likung'utwe, litolewe miiba, kisha lianikwe juu ya ua, upande wenye jasho ukielekea jua. Wakati wa mvua, yawepo mawili: moja likitumika, jingine likikauka.

Punda mwenye kidonda apumzishwe, na ofisi ya mifugo iliyo karibu ijulishwe.