Ulezi wa mume anayesahau: Soko linakua, walipaji wanachoka

Wakala mmoja wa walezi jijini Nairobi hana shida ya wateja. Wanaompigia wengi ni akina mama ambao waume zao wana dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau unaoanza kwa kupoteza funguo na kuishia kwa mtu kutojua choo kiko wapi nyumbani kwake. Kinachomkera ni malipo. Anasema familia hulipa vizuri mwanzoni watoto wakichangishana, kisha mmoja anachelewa, mwingine anasema ana karo, na hatimaye mama mwenyewe anaomba mlezi apunguziwe siku. Mlezi aliyesomea kazi hasubiri. Anahamia kwa tajiri mwingine au anatafuta viza ya Ujerumani au Uingereza. Mzee analetewa mtu asiyemjua, anaogopa, anakataa kuoga, na kazi inaanza upya.

Malalamiko hayo yana uzito, ingawa walezi nao husema kamisheni ya mawakala ndiyo inayowafukuza.

Hesabu zinaonyesha kwa nini familia huchoka. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha Sh16,113 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, bila posho ya nyumba. Wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52. Mgonjwa anayeamka usiku wa manane akitaka kwenda kazini alikostaafu zamani anahitaji mtu kwa saa zote 168 za wiki, yaani zaidi ya watu watatu wa kupokezana. Hiyo ni zaidi ya Sh48,000 kwa mwezi kwa mshahara wa chini kabisa, kabla ya nepi za watu wazima, dawa na chakula. Ruzuku ya serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ni Sh2,000 kwa mwezi. Ukiiweka miaka miwili, itakulipia takriban mwezi mmoja.

Afisa mmoja anayehusika na bima ya afya ya taifa anasisitiza kwamba makato ya asilimia 2.75 ya mapato yanatosha kumhudumia kila Mkenya. Huenda yakatosha hospitalini. Lakini dimenshia haitibiwi kwa kulazwa wiki mbili. Ni miaka ya kulishwa, kuogeshwa na kuchungwa, na mlezi wa nyumbani hana fungu katika vifurushi vya bima hiyo. Bima nyingi za binafsi nazo zina kikomo cha umri wa kujiunga. Basi pengo linazibwa na mke, ambaye hakuna anayemhesabia mshahara.

Jambo linalowashtua wengi zaidi ni kwamba fedha zinaweza kuwepo zisiguswe. Akaunti ikiwa kwa jina la mume pekee, benki haitampa mke hela kwa sababu tu mwenyewe amesahau namba ya siri. Shamba nalo haliuziki bila saini ya mwenye hati, na hata hati ikiwa ya mke, mali ya ndoa huhitaji ridhaa ya mwenzi, ambayo mtu asiyeelewa hawezi kuitoa. Hati ya uwakili ya kawaida hupoteza nguvu akili inapotoweka. Njia inayobaki ni kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali, na huko kuna ada, wakili na kungoja, huku mlezi akidai mshahara wake mwisho wa mwezi.

Wenye biashara ya ulezi wanatumaini nyumba za kulelea wazee mchana zitapunguza gharama. Labda, kwa wanaoishi mjini na wenye uwezo. Vijijini, mlezi bado ni mke, binti au mkaza mwana.

Kama mwenzi wako ameanza kurudia swali lile lile, nendeni pamoja benki na kwa wakili sasa, angali anaelewa anachotilia saini.