Kodi ya Pango, Gharama Isiyo Kwenye Ramani

Wanandoa wengi wa Dar es Salaam hujenga kwa mshahara. Kiwanja kinapatikana Chanika au Kibaha, msingi unachimbwa, boma linasimama, kisha kazi inangoja fedha. Wakikaa na fundi wanahesabu matofali, saruji, nondo na bati. Gharama moja haiandikwi popote, ilhali inaweza kufikia nusu ya bei ya nyumba: kodi wanayolipa walikopanga wakati wao wanajenga.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 9, ina mita za mraba 90. Kuta za nje na za ndani zina urefu wa mita 70 hivi. Kwa kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 180 za kujenga. Kila moja inakula matofali kama 10, pamoja na yanayovunjika. Hayo ni 1,800. Msingi wa kozi tano za kulaza unaongeza karibu 800. Jumla matofali 2,600.

Hapa ndipo watu hujaribu kubana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 30, inahitajika mifuko 87. Ukilazimishwa utoe 50, mifuko 52 inatosha. Mfuko ukiwa shilingi 16,000, mmeokoa 560,000 na mmepata ukuta dhaifu kwa maisha yote ya nyumba. Msibane hapo.

Paa ndilo lenye nafasi ya kubana. Nyumba hiyohiyo, yenye upenu wa sentimita 60 kila upande, ikiezekwa kwa mwinuko wa nyuzi 15 inahitaji mita za mraba 118 za bati. Kwa nyuzi 45 zinafika 161 na ushei. Ziada hiyo ya mita za mraba 43 ni zaidi ya theluthi, na mbao za kenchi nazo zinaongezeka, lakini hakuna chumba kilichozaliwa.

Sasa tuje kwenye muda. Tuseme nyumba hadi kuhamia ni shilingi milioni 45. Wanandoa wanalipa kodi 250,000 kwa mwezi, na baada ya hapo wanaweza kutenga 500,000 za ujenzi. Watamaliza baada ya miezi 90, yaani miaka 7 na nusu. Katika muda huo kodi itakuwa imefika milioni 22.5, nusu kamili ya bei ya nyumba, na yote imekwenda kwa mwenye nyumba.

Linganisha na ujenzi wa awamu mbili. Kwanza wajenge nusu ya ramani: chumba kimoja, sebule, jiko, choo na bafu. Nusu hii haigharimu nusu ya fedha, kwa sababu shimo la maji taka, maji na umeme vinaingia mwanzoni. Tuipe milioni 25, na kazi ya kuunganisha iongeze bei ya nyumba nzima hadi milioni 47. Baada ya miezi 50 wanahamia. Kodi inageuka kuwa saruji: sasa wanatenga 750,000, na milioni 22 zilizobaki zinapatikana ndani ya miezi 30. Jumla ni miezi 80. Kodi waliyolipa ni milioni 12.5. Ukitoa milioni 2 za kuunganisha, wameokoa milioni 8, na miezi 30 ya mwisho wameishi kwao.

Mkopo wa benki nao unanunua muda, ila kwa bei yake. Milioni 45 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 ni marejesho ya karibu 630,000 kwa mwezi. Mwisho wake mmelipa zaidi ya milioni 113.

Awamu mbili zinahitaji nidhamu tangu siku ya ramani. Ichorwe nyumba nzima, kibali kiombwe kwa nyumba nzima, na shimo la maji taka lichimbwe kwa ukubwa na mahali pa nyumba iliyokamilika. Nondo za lenta ziachwe zimechomoza upande utakaoungwa, zikilindwa dhidi ya kutu. Paa la kwanza liishie mahali ambapo la pili litaungana nalo bila kubomoa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi lisiwe nyumba yote ni shilingi ngapi. Muulizeni ni shilingi ngapi hadi tulale ndani, tukiwa na choo, maji na mlango unaofungwa. Jibu lake ligawanyeni kwa fedha mnazoweza kutenga kwa mwezi, mpate idadi ya miezi. Izidisheni miezi hiyo kwa kodi, mjumlishe na gharama ya ujenzi, na hapo ndipo mtaijua bei ya kweli ya nyumba yenu.