Jino Lililonyamaza

Mtoto mmoja wa shule aliumwa na gego siku tatu, mchana na usiku. Siku ya nne maumivu yakakoma ghafula. Akamwambia mwalimu kwa furaha, "Nimekwisha kupona." Mwalimu akamtazama kinywani, akajibu, "La, mwanangu. Jino lako halikupona. Limenyamaza kwa kuwa limekufa ndani."

Maneno hayo yana maana gani? Watu wengi hudhani ya kuwa jino ni kitu kikavu kama kokoto. Sivyo. Nje lina gamba jeupe, gumu kuliko mfupa wo wote. Chini ya gamba pana kitu kama mfupa. Na katikati mna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kutoka chumba hicho, mifereji myembamba huteremka hata ncha ya mzizi. Jino la mbele lina mzizi mmoja. Gego la chini kwa kawaida lina miwili, na la juu mitatu.

Tusiposafisha meno, vijidudu hugeuza mabaki ya vyakula vitamu kuwa maji makali kama siki, nayo hula gamba na kufanya tundu. Tundu likifika chumbani, nyama ile hutaka kuvimba. Lakini imezungukwa na kuta ngumu, haina nafasi, kwa hiyo huuma sana. Mwisho hufa na kuoza. Hapo maumivu huweza kukoma, lakini vijidudu hushuka hata mfupa wa taya na kufanya usaha. Usaha huo ukienea waweza kuua mtu.

Zamani wengi walijua dawa moja tu, kung'oa. Siku hizi mganga wa meno aweza kuliokoa jino, ikiwa kuta zake zingali imara. Kwanza hulipiga picha ya eksirei, ili aione mizizi. Hutia dawa ya ganzi, kisha hutoboa jino juu. Kwa tupa nyembamba kama sindano huondoa nyama iliyooza na kupanua mifereji, huiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, na kuikausha. Halafu huijaza gutapacha, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Malesia na Indonesia, akaziba juu. Mara nyingi gego huvikwa kofia ngumu lisije likapasuka.

Je, jino lisilo na mishipa ndani laweza kudumu? Naam, maana nyuzi zilishikazo katika taya zingali hai.

Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto apatapo miaka 6 hivi, wala likitoka halioti jingine. Wahenga walisema, Jino la pembe si dawa ya pengo. Mtoto yule alipelekwa hospitali siku ile ile. Leo ni mtu mzima, na gego lake analo.

Maswali
1. Kwa nini jino bovu huuma sana?
2. Kwa nini maumivu yakikoma si lazima jino liwe limepona?
3. Eleza kwa taratibu kazi ya mganga wa meno.