Kuhamia Lilongwe kwa kazi ya misaada: wapi utumie, wapi ubane

Watanzania, Wakenya na Waganda wengi huajiriwa na mashirika ya misaada yanayofanya kazi Malawi, na Kiswahili chao huko kina kazi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Anayepata kazi hiyo hudhani anakwenda mahali pa bei nafuu kwa kuwa nchi ni maskini. Sivyo. Gharama ya maisha Lilongwe huamuliwa na mambo mawili: sarafu unayolipwa, na vitu vinavyokuja pamoja na nyumba. Kagua hayo mawili kabla hujatia saini.

Mshahara: dola, kwacha, au vyote viwili

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola moja iliyokuwa kama kwacha 1,180 ikawa 1,700, na hadi mwaka 2025 kiwango rasmi kilikuwa hakijavuka sana hapo. Lakini dola zenyewe ni adimu benki. Mfanyabiashara anayeagiza mafuta ya kupikia, sabuni au vipuri huzitafuta kwa bei ya juu zaidi, kisha hupanga bei dukani kwa kufuata gharama hiyo. Wewe dola zako hubadilishwa kwa kiwango rasmi.

Tuseme kwa mfano benki inakupa kwacha 1,750 kwa dola, na bidhaa za nje zimepangiwa bei kana kwamba dola ni 3,500. Dola 1,000 zako zitanunua bidhaa za dola 500. Usikimbilie wabadilishaji wa mitaani: ni kosa kisheria, na ajira yako inaweza kuishia hapo.

Anayelipwa kwacha tupu yuko pabaya zaidi, kwa sababu kupata dola za kutuma nyumbani ni kazi ngumu, na akiba yake hupungua thamani ikiwa benki. Chaguo bora ni kugawanya mshahara: sehemu kubwa ibaki katika akaunti yako ya dola nyumbani, na Malawi iingie ile tu ya matumizi ya mwezi. Mashirika mengi ya kimataifa hukubali mpango huo, lakini uombe kabla ya kusaini. Matumizi madogo utayalipa kwa simu, kupitia Airtel Money au Mpamba ya TNM, kama ulivyozoea.

Nyumba: uliza kilichomo, ndipo uulize kodi

Mitaa ya Lilongwe huitwa Area na kupewa namba, na namba hizo hazifuatani kijirani. Area 10 na Area 43 zina viwanja vikubwa na kuta ndefu, na wenye nyumba wengi wamezoea kutaja kodi kwa dola. Area 47 na 49 ni za watu wa kipato cha kati. Area 25 iko upande wa kaskazini, karibu na viwanda vya Kanengo; kodi ni ndogo zaidi, na anayekwenda Dowa kila siku hupunguziwa safari.

Usilinganishe kodi peke yake. Umeme wa Malawi hutegemea sana maji ya mto Shire. Kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira Januari 2022, nchi ilipoteza karibu theluthi ya umeme wake kwa zaidi ya mwaka mzima. Mgao ni jambo la kutarajia. Kwa hiyo muulize dalali: kuna tangi la maji la akiba? Kuna inverta na betri, au sola? Mlinzi analipwa na nani? Mita ya ESCOM, shirika la umeme, ni ya kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, na soketi ni zile zile za pini tatu bapa za kwetu, basi vifaa vyako havihitaji adapta.

Kanuni ni hii. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja na achukue nyumba iliyokamilika, hata kama kodi yake ni ya juu. Betri na paneli huagizwa nje na bei yake hufuata dola. Ukizinunua mwenyewe utaondoka kabla hujazifaidi, na kuzisafirisha ni gharama nyingine. Mwenye mkataba wa miaka mitatu achukue nyumba ya kodi ndogo, anunue sola yake, kisha amuuzie atakayemrithi.

Jikoni

Jiko la umeme ndilo nafuu kwa kila siku, lakini halifai wakati wa mgao. Mkaa unapatikana kila kona, na wengi huona ndio mwokozi. Naomba sana uuepuke. Mkaa mwingi huuzwa bila kibali, na hifadhi ya msitu wa Dzalanyama, chanzo cha mto unaoipa Lilongwe maji, imekatwa vibaya kwa sababu yake. Haiwezekani mchana tugawe maji kwa wakimbizi, na jioni tupikie msitu unaoipa Lilongwe maji yake. Mwenye mshahara wa shirika ana uwezo wa gesi. Nunua mitungi miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, maana dola zikiadimika na gesi huadimika, na mtungi wa pili ndio utakaokuvusha.

Chakula cha kwao kinafanana na chetu. Nsima ni ugali, mgaiwa ni dona, na usipa ni dagaa wa ziwani. Ukila hivyo, pamoja na maharage na mboga za sokoni, bajeti itatulia. Ukila jibini na nafaka za pakiti kutoka Afrika Kusini, utalipa bei ya dola. Mahindi hushuka bei baada ya mavuno, kati ya Aprili na Juni, na hupanda sana kuanzia Desemba hadi Machi. Nunua gunia mwezi Mei, ulihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa.

Usafiri na afya

Daladala huko ni minibasi, na bodaboda ni kabaza. Kwa anayekaa karibu na ofisi, vyote viwili vinatosha mchana. Gari ni uhuru, lakini pima kwanza. Novemba 2023 lita ya petroli iliwekwa kwacha 2,530, kama dola moja na nusu kwa kiwango rasmi, na tangu hapo imepanda. Zaidi ya bei, kuna foleni: mafuta yakikauka vituoni, gari lako ni pambo. Ukilazimika, nunua dogo lililotumika hapo hapo, kama Mazda Demio, ambalo kila fundi analijua. Kabla ya kuagiza la Japani kupitia Dar es Salaam, mwajiri akuthibitishie kwa maandishi kama una msamaha wa ushuru.

Kwenye afya usibane hata kidogo. Malaria ipo nchi nzima, mwaka mzima. Aliyekulia Nairobi hana kinga ya mtu wa pwani, na hata wa pwani anahitaji chandarua na kupima kila homa. Ukiogelea Ziwa Malawi, pima kichocho wiki kadhaa baadaye. Tiba yake, praziquantel, ni ya bei ndogo. Bima ihakikishe jambo moja: kusafirishwa hadi Afrika Kusini ukiugua sana.

Mlinzi na dada wa kazi

Hapa ndipo wengi hubana pasipostahili. Thamani ya kwacha iliposhuka, mwenye nyumba alilindwa na dola zake, na mfanyakazi wa kigeni alilindwa na za kwake. Mlinzi, au dada wa kazi, alibaki na kiasi kile kile cha kwacha huku unga ukipanda. Mpe mkataba wa maandishi, na kila miezi mitatu upitie ujira wake kwa kuangalia bei ya gunia la mahindi. Ukishapanga sarafu yako na nyumba yako vizuri, fedha ya kumlipa ipo, na ndiyo matumizi ya kwanza yanayoonyesha kama kazi ya misaada tunaifanya kwa dhati.