Filamu ya Vibonzo na Kumbukumbu ya Mafuriko ya Johnstown

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika filamu ya vibonzo, hata hivyo, maji yaliyomwagika huzoleka. Makala haya yanafafanua jinsi uwezo huo unavyoathiri kumbukumbu ya maafa ya kweli, kwa kurejelea mafuriko ya Johnstown, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani.

Mnamo tarehe 31 Mei 1889, kufuatia mvua kubwa, bwawa la South Fork lilipasuka. Maji yaliteremka bondeni takriban kilomita 22 na kuufikia mji baada ya saa moja hivi. Watu 2,209 waliangamia, na maiti zaidi ya 750 hazikutambuliwa. Bwawa hilo lilimilikiwa na klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi wa kujiburudisha. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki aliyetangulia, na klabu haikuyarejesha. Aidha, iliweka vizuizi vya samaki kwenye mkondo wa kutolea maji ya ziada, navyo vikanasa takataka. Licha ya hayo, mahakama haikuitia klabu hatiani.

Mnamo 1946, studio ya Terrytoons ilitoa filamu fupi ya vibonzo iitwayo The Johnstown Flood. Mhusika mkuu ni Mighty Mouse, panya mwenye nguvu za ajabu, ambaye anayashinda maji na kuuokoa mji. Kifani, huu ni muundo wa ngano ya shujaa: zimwi hutokea, shujaa hupambana nalo, jamii hushangilia. Zimwi hapa ni maji. Mji ukishaokolewa, hakuna wafu wa kuomboleza, wala hapana haja ya kuuliza ni nani aliyelipuuza bwawa. Hadhira hubaki na jina la maafa bila maafa yenyewe.

Kosa hili si la utanzu. Picha mashuhuri za Johnstown zilipigwa baada ya maji kupita. Zinaonyesha vifusi, si wimbi. Mchoro unaweza kujaza pengo hilo. Unaweza kulipasua bwawa mbele ya macho ya mtazamaji, ukamwonyesha mahali palipokuwa na mabomba, na kusawiri kifo bila kuidhalilisha maiti. Uwezo uleule unaofuta ukweli ndio unaoweza kuufichua.

Suala hili linaihusu Kenya pia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel, lililokuwa katika shamba la kibinafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47. Msanii wa Kiswahili atakayeyasawiri maafa hayo kwa vibonzo hana budi kuamua mapema: je, hadithi yake itaanzia pale maji yalipofika vijijini, au pale ukuta ulipojengwa?