Mgodi wa Makaa ya Mawe Ukija Juu ya Bwawa Lako: Pima Maji Kabla Hawajaanza Kuchimba



Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku kusini alinipigia simu. Ana mabwawa manne ya sato, na maji anayatoa mtoni kwa mfereji. Amesikia kuna watu wanatafiti makaa ya mawe kwenye vilima vya juu yake. Akaniuliza: "Bwana shamba, nichimbe bwawa la tano au nihamishe mtaji mapema?"

Swali zuri, na najua hayuko peke yake. Makaa ya mawe yetu yako Kiwira, yako Ngaka kwenye bonde la Ruhuhu, na maji ya huko yanaishia Ziwa Nyasa. Kwa hiyo leo tuzungumze: mgodi wa makaa ukiwa juu ya maji ya samaki na ya kumwagilia, kinatokea nini, na wewe ufanye nini?

Tuanzie Loskop, Afrika Kusini

Wenzetu wa Afrika Kusini wamechimba makaa kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo tuna pa kujifunzia. Kule Mpumalanga kuna bwawa kubwa linaitwa Loskop, kwenye mto Olifants. Lilijengwa miaka ya 1930. Watu hufunga safari na familia zao kwenda kuvua kwa ndoano, na pembeni kuna hifadhi ya wanyama. Chini ya bwawa kuna mifereji inayomwagilia takribani hekta 16,000 za ngano, machungwa, pamba na soya. Ni wakulima wa biashara kama wewe.

Juu ya bwawa hilo kuna mji wa eMalahleni, zamani uliitwa Witbank. Jina lenyewe maana yake ni mahali penye makaa. Migodi imeuzunguka, mingine inafanya kazi, mingine ilifungwa zamani sana.

Kwenye miaka ya 2000 samaki walianza kufa kwa makundi pale Loskop, na mamba wakapungua. Walipopasuliwa, mafuta ya mwilini yalikutwa yamegeuka ya njano na kukakamaa. Kwa nje samaki wengine walikuwa wakubwa na wanene, mvuvi anapiga nao picha kwa furaha, kumbe ndani wanaumwa. Mwaka 2008, mbali zaidi kwenye mto huohuo ndani ya hifadhi ya Kruger, mamba zaidi ya 150 walikufa kwa ugonjwa wa aina hiyo.

Je, ni migodi peke yake? Hapana. Maji ya asidi ya migodini yalikuwemo, lakini pia maji taka ya miji ambayo mitambo yake ya kusafisha ilishindwa kazi, na mbolea za mashambani. Watafiti wamebishana sana kuhusu nani kachangia kiasi gani. Hapo ndipo somo lilipo. Maji yakishaharibika, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mkulima asiye na kumbukumbu zake hana cha kuweka mezani.

Makaa yanaharibuje maji?

Makaa yenyewe si sumu ukiyashika mkononi. Tatizo ni mawe yanayokaa pamoja nayo. Ndani yake mara nyingi kuna madini yanayoitwa pairaiti, muungano wa chuma na salfa. Yakiwa chini ardhini hayana shida na mtu. Ukiyachimbua, yakakutana na hewa na maji, yanatengeneza asidi ya salfuriki, ileile ya kwenye betri ya gari, ila hii imechanganyika na maji mengi. Kuna bakteria pia wanaoharakisha kazi hiyo.

Asidi hiyo ikipita kwenye miamba inayeyusha madini mengine: chuma, aluminiamu, manganizi. Mzigo wote unashuka mtoni.

Mambo matatu ya kuelewa hapa:

1. Si kila mgodi wa makaa unatoa asidi. Inategemea salfa iliyomo, na kama miamba ya pale ina chokaa ya kuipoza. Kwa hiyo usikimbie kwa uvumi, na usitulie kwa ahadi.

2. Mgodi kufungwa si mwisho wa habari. Mashimo yakijaa maji yanaweza kuendelea kutoa asidi kwa miaka mingi baada ya mchimbaji kuondoka.

3. Mvua ndiyo inayoleta mzigo. Mwanzoni mwa 2012, baada ya mvua kubwa, maji ya asidi kutoka eneo la makaa yaliingia kwenye chanzo cha maji cha mji wa Carolina, hukohuko Mpumalanga. Wakazi walikaa miezi bila kunywa maji ya bomba.

Usiamini macho

Watu wengi wanasubiri waone maji meusi ndiyo washtuke. Maji meusi au ya tope yana hasara yake kweli, yanafunika mayai ya samaki na kujaza bwawa udongo. Fikiria mbasa wa Ziwa Nyasa, ambaye hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai yanakosa hewa.

Lakini maji hatari zaidi yanaweza kuwa meupe, masafi kama ya chupa. Asidi inaua vijimea vya kijani na kufanya tope lishuke chini, kwa hiyo maji yanang'aa. Ukiona mto uliokuwa na ukijani umekuwa mwangavu ghafla, na mawe yake yana utando wa rangi ya chungwa kama kutu, usifurahi. Hicho ni chuma kinachoganda, na ni dalili ya kupima siku hiyohiyo.

Kwa samaki na mazao

Sato na perege wanakua vizuri pH ikiwa kati ya 6.5 na 9. Ikishuka chini ya 5 wanaacha kula na kudumaa, ikifika 4 wanakufa. Aluminiamu na chuma huganda kwenye matamvua, yale mashavu mekundu ya kupumulia, na samaki anakosa hewa hata kama bwawa lina hewa ya kutosha. Vifaranga ndio wanaotangulia.

Kwa umwagiliaji, angalia pia chumvi. Asidi ya mgodini hata ikipozwa kwa chokaa, salfeti inabaki. Mita ya pH inasoma 7, unasema niko salama, kumbe chumvi iko juu. Hiyo inapimwa na mita ya EC. Mwongozo wa FAO unasema chini ya 0.7 dS/m hakuna shida, kati ya 0.7 na 3 uwe mwangalifu, juu ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Maharage yanaumia mapema, mpunga unavumilia zaidi kidogo. Na kama unatumia matone, chuma kikizidi miligramu 1.5 kwa lita mipira itaziba kila wakati.

Sasa ufanye nini?

Anza kupima leo, kabla mgodi haujaanza. Nunua mita ya pH na ya EC. Pima mahali palepale, saa ileile, mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha pima siku hiyo pia. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, pH, EC, rangi ya maji, mvua. Piga picha. Rekebisha mita ya pH kwa maji yake maalum ya pH 4 na 7, la sivyo unaandika uongo.

Peleka sampuli maabara mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Omba wapime chuma, aluminiamu, manganizi na salfeti. Tunza risiti na majibu. Vipimo vya mtu mmoja ni rahisi kupuuzwa, kwa hiyo mkiwa kumi changeni gharama.

Weka lango kwenye mfereji. Mvua za kwanza ndizo zinazoosha uchafu wote wa kiangazi. Funga maji yasiingie bwawani, pima, fungua hali ikitulia. Lango la mbao ni hela ndogo ukilinganisha na bwawa zima la sato.

Jua akiba ya chokaa kwenye maji yako. Maabara wakikuambia ni chini ya miligramu 20 kwa lita, bwawa halina kinga, asidi kidogo tu inalishusha. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, hutumika sana wakati wa kuandaa bwawa. Usimwage chokaa ya moto ya kujengea wakati samaki wamo, utawaua mwenyewe. Na usidanganyike kwamba chokaa inaondoa madini yote ya mgodini. Kazi yake kubwa ni kupunguza ukali wa asidi.

Ingia kwenye vikao. Mgodi unatakiwa kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mamlaka ya mazingira ya taifa ndiyo inayosimamia. Wananchi wana haki ya kutoa maoni. Usiende kulalamika tu. Uliza: maji ya shimoni yatakwenda wapi? Salfa ya makaa na mawe yake imepimwa? Nani atapima mto, na majibu tutayaona wapi? Mgodi ukifungwa nani atabaki na maji? Hakikisha pia kibali chako cha kutumia maji kiko hai Bodi ya Maji ya Bonde, na ujiunge na jumuiya ya watumia maji. Mtumiaji asiye na kibali ni vigumu kudai kwamba maji "yake" yameharibiwa.

Nilimjibu nini yule kijana?

Nilimwambia asihame. Mgodi ukisimamiwa vizuri unaweza hata kumletea soko la samaki, maana wafanyakazi wanakula. Lakini bwawa la tano asubiri. Apime maji mwaka mzima, kiangazi na masika, na hela ya bwawa hilo atoe kidogo anunue mita mbili na kujenga lango la mfereji. Baada ya hapo, kama mgodi utakuja, atakuwa na daftari linaloonyesha maji yake yalikuwaje kabla. Mgodi usipokuja, hajapoteza kitu, kwa sababu mfugaji anayejua pH ya maji yake anavuna zaidi hata pasipo na mgodi.

Wewe je, pH ya maji yako leo ni ngapi? Kama hujui, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.