Manyani wa Adili na Nchi Inayoelea Angani

Wanangu, sogeeni. Palikuwa na liwali mmoja wa Janibu, jina lake Adili, mtu mpole asiyemwonea hata fukara. Lakini usiku wa manane, watu wakishalala, alishika mjeledi akawaendea manyani wawili aliowafunga ndani, akawachapa mpaka wakalia. Akimaliza, akawalisha na kuwabembeleza. Usiku wa pili mambo yale yale. Mgeni aliyelala kwake akayaona, habari ikamfikia Rai, mfalme wa Ughaibu, naye akataka kujua sababu.

Hicho ndicho kitabu ninachowapa kwanza: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni chembamba, na ndani mna majini, safari za merikebu na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, ila huko wanaochapwa ni mbwa. Manyani hao ni nani hasa, siwaambii ng'o! Someni. Ninyi mtakimbilia majini. Baba na mama zenu watasita pale Adili anapogawana mali yake tena na ndugu waliorudi mikono mitupu, kwa sababu wameshaona urithi ukivunja nyumba za watu.

Kusadikika kilitangulia mwaka mmoja, 1951, na shuleni ndicho kinachojulikana zaidi. Mimi nakiweka cha pili, kwa kuwa kina hotuba ndefu, na mtoto anayeanza nacho huweza kudhani Shaaban ni mtu wa mawaidha tu. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na mshtaki wake ni Majivuno, waziri mkubwa. Karama hajitetei kwa kulia. Anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo mema ya kuifaa nchi, akatupwa gerezani.

Mtoto hufuata safari za wajumbe. Mtu mzima huwatazama wakubwa waliokaa barazani, akaanza kuwafananisha na watu anaowajua. Kumbukeni kwamba wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Shaaban alikuwa karani katika serikali hiyo hiyo. Nchi ya angani haina mwenyewe wa kukasirika, au sivyo? Uhuru ulikuja miaka kumi baadaye.

Kisomeni kwa sauti jioni, mmoja awe Majivuno, mwingine Karama. Sehemu ya Majivuno mpeni babu. Wazee huipenda mno.

Kufikirika nacho ni cha Shaaban, kilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa ameshafariki tangu 1962. Humo mfalme anayetamani mtoto anasumbua wataalamu wa kila namna. Kinachekesha kuliko watu wanavyodhani.

Walenisi cha Katama Mkangi, Mkenya, cha mwaka 1995, kingojeni mpaka sekondari. Si kwamba kina jambo baya. Lugha yake inataka meno yaliyokwisha ota. Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha kumrusha angani ili aangamie huko. Badala ya kukaa akingoja kifo, anajifunza kukiendesha.